Marashi ya Zama za Siti katika Baridi ya Njombe

Leo tuzungumzie marashi. Najua yupo atakayeguna: bei ya mbolea inatusumbua, parachichi zinasubiri mnunuzi, wewe unatuletea habari za manukato? Vuta subira. Marashi ni biashara, ni sanaa na ni historia, na katika yote matatu sisi watu wa nyanda za juu tumebakia wanunuzi. Basi angalau tujue tunanunua nini.

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na treni ya TAZARA inasimama hapo. Bidhaa ikishuka bandarini, haikawii kufika Makambako. Ndiyo maana meza za marashi ya kupima hazikosekani kwenye mji ule. Chupa kubwa za mafuta zimepangwa safu safu, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Muuzaji anachovya bomba la sindano lililotolewa ncha, anavuta mafuta hadi kwenye mstari wa mililita tatu, anajaza kichupa chembamba kama kidole, anafuta shingo yake kwa kitambaa, kisha anampaka mteja tone moja nyuma ya kiganja.

"Hii ni ya kizamani, mama. Maua matupu, tena ina joto. Inakaa mpaka kesho."

"Maua gani?"

"Maua tu, mama. Ya Dubai."

Mama akinusa akaridhika, analipa. Akiwa na haraka ya basi, analipa hata kabla ya kunusa vizuri. Lakini hapo pamebaki maswali mawili ambayo hayajajibiwa: maua gani, na zamani ipi? Nami nasema mtu akijua majibu ya maswali hayo, hanunui tena kwa namna ileile.

Tuanze na zamani. Wafanyabiashara wa manukato duniani wanapenda sana kuuza zama zilizopita, hasa zama za sanaa. Mwaka 1925 jiji la Paris lilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za mapambo. Mtindo uliotamba pale, wa mistari iliyonyooka, maumbo yaliyokatwa kwa pembe, vioo na dhahabu, baadaye ulipewa jina la Art Deco. Ukitembea katikati ya Dar es Salaam bado utauona kwenye sura za baadhi ya majengo ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Katika maonyesho hayohayo kampuni ya Guerlain ilionyesha marashi yaitwayo Shalimar, kazi ya Jacques Guerlain. Jina ni la bustani za wafalme wa Kimughali wa India, na hadithi iliyouzwa pamoja na chupa ni ya mapenzi ya mfalme Shah Jahan na mkewe Mumtaz Mahal, yule aliyejengewa Taj Mahal katika karne ya 17.

Tazama mambo yalivyopangana. Mfaransa wa 1925 anatamani zama za India za karibu miaka 300 kabla yake. Leo mtu wa London au New York ananunua chupa ileile kwa sababu anatamani zama za huyo Mfaransa wa 1925. Hamu ya zamani inarithiwa, na kila anayeirithi anatozwa bei.

Miaka minne kabla ya maonyesho hayo, mwaka 1921, Ernest Beaux alitengeneza marashi ya Chanel No. 5. Ndani yake mlikuwa na asumini, waridi na langilangi. Naam, langilangi, ua la manjano lenye petali ndefu zilizolegea, lile ambalo ukienda Unguja utaonyeshwa kwenye mashamba ya viungo. Kwa asili ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, lakini Wafaransa waliuotesha kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi: Réunion, Nosy Be ya Madagaska, na Komoro. Hadi leo Komoro ni miongoni mwa nchi zinazotajwa mbele kabisa kwa mafuta ya langilangi duniani.

Kazi yake si ndogo. Maua huchumwa alfajiri, yakiwa yameiva rangi ya manjano, na siku hiyohiyo hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa kuvukizia. Kilo moja ya mafuta inaweza kula kilo 50 za maua. Mafuta yanayotoka mwanzo mwanzo, saa ya kwanza au ya pili, ndiyo yanayoitwa ekstra, nayo huenda kwa watengenezaji wa marashi ya bei kali. Yanayofuata hushuka daraja hatua kwa hatua, na ya mwisho huishia kwenye sabuni. Uvukizaji wote unaweza kuchukua saa 20, na moto wake kwa kawaida ni wa kuni. Watu wa Nzwani, kisiwa kimojawapo cha Komoro, wanajua gharama yake: milima inabaki uchi ili chupa ijae. Sisi wa Njombe, tunaoishi kwa misonobari, mikaratusi na miwati, hilo halihitaji mkalimani.

Kuna na vanila, ile harufu tamu inayoyapa marashi ya maua joto lake. Mbinu ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono, iliyoliwezesha zao hilo kustawi nje ya Mexico, iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na kijana mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond Albius. Baadaye viwanda vya Ulaya vikajifunza kutengeneza harufu ya vanila bila vanila, na kwa miaka mingi malighafi yake ilikuwa mafuta ya karafuu. Na karafuu katika miaka hiyo ilikuwa ikitoka wapi kwa wingi kuliko kwingine kote? Unguja na Pemba.

Kwa hiyo yale manukato ya zama za Paris, yenye chupa za kioo cha kukatwa na majina ya wafalme, yalibeba ndani yake jasho la bahari yetu. Zama ziliitwa za kwao. Baadhi ya maua yalikuwa ya huku.

Sasa tuvuke maji twende Unguja miaka hiyohiyo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Kazi yake ya awali ilikuwa kuuza vyungu, akivitembeza huku akiimba ili wateja watoke nje. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji na lugha ya Kiarabu. Wakati huo taarab ilikuwa ni muziki wa majumba ya wakubwa, na nyimbo zake ni za Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeundwa tangu 1905, na kabla ya hapo, inasimuliwa, Sultani Barghash alikuwa amempeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Siti akaiteremsha taarab kutoka kwenye kasri, akaiimba kwa Kiswahili, akaingiza humo habari za mtaani, za mahakamani na za wanaume wanaodhulumu wanawake. Mwaka 1928 alisafiri kwa meli na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Siti alifariki 1950, na Bi Kidude, aliyejifunza kutoka kwake, aliendelea kuimba hadi uzeeni sana, akafariki Aprili 2013.

Hizo nazo ni zama za sanaa, tena hazipungui kitu mbele ya zile za Paris. Nazo zilikuwa na harufu yake. Mwanamke wa pwani aliyekuwa akienda kwenye shughuli ya usiku hakujipulizia kitu dakika ya mwisho mlangoni. Maandalizi yalianza mapema. Nguo zilitandazwa juu ya tenga, chini yake kikawekwa chetezo chenye mkaa na udi, moshi ukapanda taratibu ukazama kwenye kitambaa. Nywele zilipakwa mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini. Mwili ulisuguliwa liwa. Juu ya yote kikaja kikuba: kifungu kidogo cha asumini, kilua, mrehani na vipande vya mkadi, kimefungwa kwa uzi na kuvaliwa kifuani au kuchomekwa kwenye nywele. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyekimbilia Ujerumani akaitwa Emily Ruete, alieleza desturi za namna hiyo za jumba la baba yake kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Kilua hebu tukisimamie kidogo, maana ndicho siri ya pwani. Mti wake, mkilua, ni wa asili ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ni jamaa wa langilangi na wa mstafeli. Wataalamu wa mimea waliuandika rasmi mwaka 1970 wakauita Mkilua fragrans, yaani hata sayansi ilichukua jina la kina mama wa pwani, haikuwa na lake. Ua lake ni dogo, lakini likiwa ndani ya kikuba utajua limepita hata kama hukumwona aliyelivaa.

Tofauti ya Paris na Unguja, basi, haikuwa katika maua, wala katika ujuzi wa pua. Ilikuwa katika chupa. Asumini haivumilii mvuke, ukiichemsha unaiua. Wafaransa wa mji wa Grasse walikuwa wakitandaza maua yake juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya mnyama, mafuta yanakunywa harufu, wanabadilisha maua kila siku hadi mafuta yashibe. Mwanamke wa pwani aliyetia asumini kwenye mafuta ya nazi alikuwa akitumia kanuni ileile. Ila Mfaransa alikwenda hatua tatu mbele: alitoa harufu kwenye mafuta kwa spiriti, akaiandikia jina na mwaka, akaipa hadithi. Kikuba kilivaliwa usiku mmoja, asubuhi kimenyauka. Ujuzi ulibaki mikononi mwa somo na bibi, haukuandikwa. Shalimar ya 1925 unaweza kuinunua leo. Harufu ya ukumbi alioimba Siti mwaka huohuo huwezi.

Tuje sasa kwenye baridi yetu, maana najua swali la mama wa Makambako ni: je, yananifaa mimi? Yanakufaa, pengine kuliko yanavyomfaa wa Dar es Salaam. Harufu husafiri kwa kugeuka mvuke, na mvuke unataka joto. Marashi mepesi ya ndimu na majani, yanayopendwa na watu wa pwani mchana wa jua, yakifika Njombe mwezi wa Juni au Julai ni kama yamelala. Yanatoka kidogo tu, wala hayasikiki mbali. Yenye asumini, langilangi, vanila, sandali na udi ni mazito, hutoka polepole na hukaa muda mrefu. Kwenye joto kali la Dar es Salaam yanaweza kumkera jirani ndani ya daladala. Kwenye baridi ya Njombe, chini ya sweta na kitenge, yanapata mahali pake.

Makambako ina jambo lake jingine: upepo. Ule upepo unaopeperusha kofia pale njia panda hauchagui, unaondoka na marashi pia. Kwa hiyo usipulizie hewani halafu ukategemea yakufuate. Paka mahali penye joto la damu: shingoni, kwenye viungo vya mikono, nyuma ya masikio, halafu vaa juu yake. Tone moja kwenye skafu ya sufu linaweza kukaa siku kadhaa, mradi mafuta hayaachi doa. Na usinunue kwa kunusa pale pale. Pakwa nyuma ya kiganja, nenda kanunue viazi vyako, kunywa chai, rudi baada ya nusu saa. Harufu ya kwanza ni ya kukushika mkono tu. Maua yenyewe hujitokeza baadaye, na mwisho wake, udi au vanila, ndio utakaolala nao. Mafuta yaliyochakachuliwa mara nyingi hunukia vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, au hugeuka ukakasi.

Neno moja la tahadhari, na hili nalisema kwa uzito. Kufukiza udi ni raha, hasa nguo za sufu zinapokunywa ule moshi. Lakini usifukize kwa mkaa ndani ya chumba ulichokifunga kwa ajili ya baridi. Jiko la mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa linaua watu wakiwa usingizini, na hewa ile ya sumu haina harufu ya kukuamsha. Fungua dirisha, fukiza, toa chetezo nje, ndipo ulale.

Sasa niseme na wenye mashamba na wenye mizinga. Mkoa wetu una maua. Hifadhi ya Kitulo kule Makete, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ina aina zaidi ya 40 za okidi. Hizo ni za kutazamwa, zisiguswe. Lakini kuna ua tunalopita chini yake kila mwaka bila kuinua pua. Miwati ilipandwa kwa wingi hapa Njombe na kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1949, kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Mti unachunwa gome, mbao zinakuwa kuni, mkaa na nguzo. Unapochanua, vile vishada vya rangi ya maziwa na manjano hujaza nyuki, na hewa ya asubuhi inanukia asali na unga.

Kule kusini mwa Ufaransa, karibu na Grasse, kuna ndugu wa mwati huo, naye alitoka Australia kama huu wetu. Wao wanamwita mimosa. Maua yake huvunwa kila majira ya baridi yanapoelekea kwisha, harufu yake hutolewa na kuingizwa kwenye marashi ya maua yenye joto, na sherehe hufanywa kwa ajili yake. Sisemi mwati wetu ni uleule wala kwamba kesho asubuhi tutajaza chupa. Nasema hivi: ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja anauzwa kwa harufu, mwingine kwa kuni, na hatujamtuma hata kijana mmoja akaulize kwa nini. Pemba wanacho kiwanda cha makonyo pale Wawi, Chake Chake, kinachovukiza mafuta ya vikonyo vya karafuu na mimea mingine. Kijana wa Njombe aliyesoma kemia, mwenye mikaratusi nyuma ya nyumba na mizinga kwenye miwati ya jirani, anaweza kwenda kujifunza huko kabla ya kwenda mbali zaidi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo. TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi, wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza.

Na kwa mnunuzi, ombi langu ni fupi. Ukiambiwa marashi haya ni ya kizamani, uliza zamani ya nani. Ukiambiwa ni maua, uliza ua gani. Tazama kama kuna jina la mtengenezaji na mahali yalipotengenezwa. Ukimpata mfanyabiashara anayeleta mafuta ya asumini, langilangi au udi kutoka kwa kina mama wa Unguja, Pemba, Tanga au Lamu, na anaweza kukueleza yametengenezwaje, mlipe bei yake bila kumpunja kupita kiasi. Unalipia maua, unalipia na mikono ambayo bado inakumbuka kikuba kinavyofungwa.

Zama za Siti hazitarudi, kama zisivyorudi zile za Paris. Ila za Paris zina watu wanaozilipia kila siku, ndiyo maana bado zinanukia. Wajuzi wa zama zetu bado wapo pwani, wengi wao sasa ni watu wazima. Wenye pesa ya kununua wapo hapa bara, Njombe na Makambako wakiwamo. Ikiwa hawa wawili hawatakutana sokoni, tutaendelea kununua langilangi yetu wenyewe kwa jina la mji wa mbali, na kosa halitakuwa la mwenye meza ya marashi.